Siku Tulizozifuta

Tulimzika Profesa Nyambura mwezi uliopita huko Ngoingwa, nyuma ya nyumba aliyoijenga alipostaafu, na nilipokuwa nimeketi chini ya hema nikisoma kijitabu cha mazishi niligundua kwamba wasifu wake ulikuwa umeruka mwaka mmoja. Ulizitaja shule alizosomea, kanisa alilolitumikia, wanafunzi aliowalea hadi nao wakawa na wanafunzi wao. Kisha ukauvuka mwaka ule kama mtu avukavyo mtaro wa maji machafu, akiwa ameinua pindo la nguo yake, na kuendelea upande wa pili na habari za kustaafu na wajukuu. Nilielewa. Familia iliyofiwa ina haki ya kuchagua itakachokisoma mbele ya majirani. Hata hivyo Mutua, fundi wetu wa mwaka ule, aliyekuwa ameketi kando yangu akiwa na mvi ambazo sikuwa nimewahi kuziona, aliweka kidole mahali penyewe pa mruko akaninong'oneza, "Umeona? Wametufuta." Nikamwambia kwamba tulistahili. Wimbo ulipoisha akasema, "Sisi sawa. Lakini si yeye."

Wakati wa chakula Wairimu, binti pekee wa Profesa, alituletea sahani mwenyewe badala ya kuwaachia akina mama wa kanisa, akavuta kiti cha plastiki akaketi mbele yetu. "Nyinyi ndio mlifanya kazi na Mum kule Ruiru," alisema, wala hakuwa anauliza. "Niambieni tu ukweli. Ile injini ilifanya kazi ama haikufanya? Kwetu hiyo maneno haikuwa inaongelewa." Mutua alinitazama. Tangu zamani ilikuwa desturi yetu kwamba vyuma vikizungumziwa msemaji ni yeye, na hesabu zikizungumziwa msemaji ni mimi, na swali hili halikuwa la chuma. Nilimjibu siku ile, na jibu lenyewe nitaliandika mahali pake. Lakini mtu ambaye hakuuona mwaka ule hataelewa kwa nini jibu fupi namna ile lilinichukua sehemu kubwa ya maisha yangu kulifikia.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya uzamivu katika fizikia, na Profesa Nyambura alinichukua kwa mwaka mmoja kama mtafiti wa baada ya uzamivu. Maabara yetu ilikuwa stoo ya zamani ya kahawa pembeni mwa Ruiru, jengo la mawe lenye madirisha yaliyozibwa kwa mbao nyeusi ili mwanga wa nje usiharibu vipimo. Mvua ikinyesha, harufu ya kahawa ilitoka ukutani kana kwamba magunia yalikuwa yameondolewa asubuhi ile. Katikati ya stoo lilisimama tangi la chuma, refu kama gari dogo, na ndani ya tangi hilo, hewa yote ikiwa imefyonzwa na pampu, ilining'inia injini yetu. Ilikuwa injini ya kusukumia setilaiti angani. Haikuunguza mafuta, ilichukua gesi kidogo, ikaivunjavunja kwa umeme hadi ikawaka rangi ya zambarau, kisha ikaitupa nyuma kwa kasi kubwa. Msukumo wa injini za namna hii ni mdogo kuliko uzito wa karatasi iliyolazwa kiganjani, lakini angani ambako hakuna kinachokinza, msukumo mdogo usiochoka hufika mbali. Mutua ndiye aliyeijenga na kuitundika kwenye mkono mwembamba wa chuma. Injini ikisukuma, mkono ulisogea, na mwali wa leza ulisoma umesogea kiasi gani ukachora mstari kwenye kompyuta. Kazi yangu ilikuwa kuandika modeli, yaani kuieleza injini nzima kwa hesabu ndani ya kompyuta, ili tuweze kusema mapema itasukuma kiasi gani, na kwa nini.

Nilipanga chumba Ngoingwa, katika ua wa mjane aliyeitwa Mama Njoki, na kwa makubaliano niliyoyakubali haraka kuliko inavyompasa mtu msomi, nilikula chakula cha jioni mezani kwake. Nalikumbuka vizuri jiko lake: meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua, redio iliyofungwa mpira kiunoni, sufuria ya githeri ambayo haikuwahi kuonekana ikioshwa wala kuonekana chafu. Kila jioni aliniuliza swali lile lile huku akinipakulia. "Daktari, roketi imefika wapi leo?" Nami nilijibu, "Bado iko Ruiru, Mama." Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Ikishindwa kabisa na mbingu, si uilete hapa inivutie maji ya kisima." Nilicheka pamoja naye, lakini nilikuwa nacheka nikiinamia sahani, kwa sababu wakati huo nilikuwa na siri ndogo iliyonichoma: modeli yangu ilikuwa imekataa kukubaliana na injini.

Vipimo vya Mutua vilionyesha msukumo mzuri, mzuri kiasi cha kuwafanya washirika wetu wa ng'ambo waanze kuzungumza juu ya nafasi katika setilaiti yao. Hesabu yangu ilitoa theluthi yake. Niliirudia. Nilibadilisha namna ya kuhesabu jinsi elektroni zinavyopenya kwenye sumaku, jambo ambalo hadi leo hakuna anayelielewa kikamilifu na ambalo kila mtu wa fani yetu hulirekebisha kidogo ili hesabu ifuate kipimo. Kidogo hakikutosha. Ili nifikie mstari wa Mutua ningelazimika kudai mambo ambayo maumbile hayayaruhusu, na jambo hilo sikulifanya. Lakini msomaji asinipe sifa hapo. Sikulifanya kwa sababu sikujua namna ya kulifanya pasipo kugunduliwa. Kila Ijumaa nilikwenda nyumbani kwa Profesa kule Membley, kwenye meza ya mbao nzito iliyojaa mitihani ya wanafunzi, nikanywa chai yake yenye tangawizi, na kumwambia kwa sauti ya mtu aliyevunja kikombe, "Samahani, Prof, modeli yangu bado ina kasoro." Naye alinijibu kila mara kwa upole ule ule, "Tafuta zaidi. Kuna nguvu umeiacha nje."

Sikuwahi kumwambia kwamba huenda kipimo ndicho chenye kasoro. Nasisitiza jambo hili kwa sababu hadithi yote inalitegemea. Wazo hilo halikunipitia akilini. Chuma kilikuwepo, kiliguswa, kiling'aa zambarau. Mimi nilikuwa na namba tu, na namba yenyewe ilikuwa ndogo, na nilikuwa kijana aliyeamini kwamba kitu kidogo kikiwa chako basi ni kosa. Siku moja nilikuwa nimejibanza nyuma ya kiambaza cha mbao kilichotenga chumba cha chai, nikisubiri kompyuta imalize, nikamsikia Mutua akimwambia Profesa, "Hiyo hesabu ya Daktari haiwezi kusukuma hata nzi, Prof. Nzi aliyelala." Profesa hakucheka. "Mwache," alisema. "Kijana ana aibu ya kumtosha. Usimpatie ingine." Nilibaki pale nyuma ya mbao hadi walipotoka, chai yangu ikiwa imeshika utando, nikiona uso unaniwaka, kwa maana dhihaka ya Mutua ningeweza kuibeba, lakini huruma ya mtu niliyemheshimu ilinivua nguo.

Sasa sina budi kueleza habari za stima, ambazo tulizificha kuliko kitu kingine chochote. Umeme wa Ruiru siku hizo ulipotea mara kwa mara, na ulipopotea injini ilizimika ghafla na jaribio likaharibika. Mapema katika mradi, katika kikao cha video, mmoja wa washirika wa ng'ambo alikuwa amependekeza, kwa ile sauti laini ambayo watu huitumia hospitalini, kwamba pengine majaribio yahamishiwe kwao "kutokana na changamoto za mazingira yenu". Profesa alimjibu, "Hatuna changamoto," akafunga kikao kwa heshima zote, kisha akatoka nje akasimama peke yake kwenye nyasi kwa muda. Tangu siku hiyo ilikuwa sheria kwamba jaribio lililokatizwa na stima halikuwepo. Kompyuta ya vipimo, pamoja na leza, ilikuwa na betri yake, kwa hiyo iliendelea kuchora hata gizani. Mutua aliiacha ichore kwa sekunde chache, akabonyeza kufuta bila kutazama, na kutangaza, "Leo hatukuja kazini." Tulicheka kila mara. Tuliwapelekea washirika majaribio yaliyokamilika tu, safi, yaliyozimwa kwa utaratibu. Na utaratibu wetu ulikuwa wa polepole sana, kwa sababu mtambo wetu wa umeme ulikuwa mkuukuu na ulikwisha kuungua mara moja kwa kuzimwa ghafla. Mutua alishusha umeme taratibu kama mtu anayemlaza mtoto, na mstari ulishuka pamoja nao taratibu. Hivyo katika mwaka mzima hakuna aliyeitazama injini ikizimika ghafla, isipokuwa zile siku tulizozifuta.

Karibu na mwisho wa mwaka Profesa alifungua milango ya stoo kwa wageni. Alikuja mgeni kutoka kwa washirika, mwanamume mtulivu aliyekuwa na jukumu la kupendekeza kama injini yetu ipewe nafasi katika setilaiti au la. Lakini waliojaza viti walikuwa watu wetu: mchungaji wa kanisa la Profesa huko Thika na kwaya yake, wazee wawili waliowahi kufanya kazi katika stoo ile ile enzi za kahawa, na Mama Njoki, aliyevaa suti yake ya kanisani na kukalia kiti cha mbele kama mzazi siku ya mahafali. Kulikuwa na nduma na mandazi na chai ya maziwa katika birika kubwa za kukodi. Profesa aliwaeleza kwa Kiswahili chepesi jinsi gesi inavyogeuka kuwa mwanga, mwanga ukawa upepo, upepo ukawa safari. Mchungaji aliomba, ombi refu lililozitaja nyota mara nyingi. Kisha Mutua akawasha. Kidirisha cha tangi kiling'aa zambarau, mstari ukapanda kwenye skrini kubwa tuliyoitundika ukutani, na watu wakapiga makofi. Mama Njoki alinigeukia akanikonyeza.

Stima ikapotea. Pampu ilinyamaza kwa mlio wa kushuka, ile zambarau ikafa mara moja, na stoo ikawa giza kabisa kwa sababu ya mbao za madirishani, isipokuwa skrini, ambayo ilikuwa kwenye betri pamoja na kompyuta. Kwa hiyo watu wote walikuwa wanatazama mahali pamoja. Mstari ulishuka ghafla kidogo, kama mtu aliyekanyaga ngazi moja gizani, kisha ukasimama. Ulibaki juu. Injini haikuwa na umeme, haikuwa na gesi, haikuwa na chochote, na mstari uliendelea kutuambia kwamba inasukuma. Sauti ya Mama Njoki ilisikika mbele, yenye fahari: "Mnaona? Hata bila stima inaenda tu." Mtu akasema Bwana asifiwe, na makofi yakaanza upya, makubwa kuliko ya kwanza.

Mimi nilikuwa nimekitambua kile kishuko. Nilikuwa nimeishi nacho mwaka mzima, nikiogopa hata kukitamka. Kilikuwa theluthi, kilikuwa namba yangu. Ule ndio msukumo wa kweli, uliokufa papo hapo injini ilipokufa, na hayo mengine yaliyobaki juu yakianza kuteremka polepole yalikuwa joto tu: waya mnene wa umeme ulikuwa ukipata moto kila injini ilipowashwa, unavimba, unausukuma ule mkono pembeni, na sasa ulikuwa unapoa kama sufuria iliyoepuliwa. Nilimwona Mutua, kivuli mbele ya skrini, akinyoosha mkono kuelekea kwenye kibodi. Simlaumu. Ulikuwa mkono wa mazoea. Na yule mgeni, nilimwona pia, alikuwa ameinama nyuma kabisa akitafuta tochi ya simu yake kwenye mkoba. Mpaka leo sijui aliona nini. Profesa Nyambura angeweza kunyamaza. Kidole kimoja cha Mutua kingetosha, tungecheka baadaye, na injini yetu ingepaa.

"Mutua," alisema, "toa mkono hapo."

Kisha akawaambia wageni, "Naomba msipige makofi. Tumekosea." Makofi yalipungua kwa shaka. Mchungaji, mtu mwema, alisema kutoka gizani, "Usijali, Profesa, hata kwetu Thika inapotea hivyo hivyo." Wengine wakaanza kumpa pole, mzee mmoja wa kahawa alisema stima itarudi tu, huwa haikai. "Sisemi juu ya stima," alisema Profesa. "Nasema juu ya injini." Mama Njoki akamfariji kwamba injini iko sawa, wote wameiona. Ilimbidi aeleze mara ya pili, na mara ya tatu, mbele ya watu waliompenda na ambao kila alipojishtaki walimtetea. Sijaona kazi ngumu kama ile. Mwishowe alisema, "Mama, ukiepua sufuria, si inabaki na moto? Hiyo mstari mnaona ni moto wa sufuria. Tumekuwa tukiwaambia watu ni chakula." Hapo wakaacha kumtetea. Kisha Mama Njoki akauliza, kwa sauti ndogo sana, "Kwa hivyo haisukumi?" "Inasukuma," alijibu. "Kidogo. Kidogo kuliko nilivyowaambia nyinyi, na kuliko nilivyomwambia huyu mgeni wetu."

Halafu akafanya jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. Alininyooshea mkono. "Daktari huyu," alisema, "alinipatia namba ya kweli tangu mwanzo wa mwaka. Alinieleza kila wiki. Ni mimi sikumsikiza." Tochi za simu zilikuwa zimeanza kuwashwa, na zote zikanigeukia. Ningepaswa kusimama. Ningepaswa kusema kwamba sikuwahi kumwambia ile namba ni ya kweli. Nilimwomba msamaha kwa ajili ya namba hiyo. Nilimletea ukweli kila Ijumaa nikiwa nimeufunga kama takataka, na alipouweka kando nilimshukuru. Badala yake nilitazama sakafu ya saruji, ambako punje moja ya kahawa ilikuwa imenasa kwenye ufa pengine tangu kabla sijazaliwa, na watu waliudhani ukimya wangu kuwa unyenyekevu. Mama Njoki alisema, "Na vile mimi humcheka mezani." Profesa aliendelea kusimama mbele peke yake mpaka stima iliporudi.

Mengine yalikwenda upesi. Tulirudia jaribio kwa kuzima ghafla kwa makusudi, na ile theluthi ikatokea kila mara. Profesa aliwaandikia washirika yote, pamoja na habari za umeme wa Ruiru, na nafasi ya setilaiti ikapewa watu wengine. Mradi ulifungwa mwaka ulipoisha. Mutua alipata kazi ya kutunza mitambo ya mvuke katika kiwanda kimoja cha Thika, na huko ndiko alikozeekea. Profesa alirudi kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na katika vikao vya idara watu walipotaja mambo ya anga walishusha sauti akiingia. Mimi nilipata kazi ya kufundisha chuoni, kwa sifa aliyoniandikia yeye, sifa ya mtafiti kijana aliyeshikilia jibu sahihi wakati wakubwa wake walipopotoka. Nimewafundisha maelfu ya vijana uadilifu wa kipimo, nimewafukuza baadhi yao kwa kubuni data, na ninajulikana kwa ukali wangu. Wanafunzi hudhani ukali huo unatokana na usafi. Vitabu vya maadili nilivyovisoma, nami nimevisoma vingi, huisifu aibu kama askari anayelinda mlango wa nafsi. Mimi niliiona katika stoo ile ikimwongoza mama mwenye heshima kufuta siku zake, na kijana mwenye jibu kuomba radhi kwa ajili ya jibu lake, na askari wa namna hiyo sijui tunamlipia nini. Mtu mmoja tu kati yetu aliiona aibu ikija na hakukimbia, na ndiye aliyelipia peke yake.

Basi nilimjibu Wairimu chini ya hema. "Ilifanya kazi. Theluthi ya tulivyodai. Na mama yako ndiye aliyesimama akasema." Aliusikiliza ukweli huo bila kushtuka, kisha akanitazama kwa namna mpya. "Kumbe ni wewe," alisema. "Mum hakuwa anaongea ya injini, lakini alikuwa anasema kulikuwa na kijana mmoja alijua mapema, na hawakumsikiza. Alikuwa anatuambia hiyo kila tukikosana, ati tusikize mdogo."

Mutua aliacha kutafuna. Sahani ilikuwa magotini mwangu, mukimo ukipoa, na watu wa kanisa walikuwa wakipita katikati yetu na birika. Ningeweza kutazama chini tena. Nyasi zilikuwepo za kutosha.

"Hakuna aliyejua," nilimwambia. "Kulikuwa na kijana aliyepata jibu akalionea aibu. Kila Ijumaa alikuja kwenu Membley kuomba msamaha. Mama yako alinisifu mbele ya watu kwa ujasiri ambao sikuwa nao, nami nikauchukua."

Wairimu aliuliza, "Na Mum alijua hivyo?"

"Msamaha wenyewe nilimwomba yeye," nilisema. "Alijua."

Aliinuka, akaichukua sahani yangu iliyopoa bila kuniuliza, akaenda nayo kwenye masufuria kuniletea chakula cha moto. Sikuweza kusoma mgongo wake. Mutua alipangusa vidole kwenye leso, akakunja kile kijitabu cha mazishi akakitia mfukoni mwa koti, na kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia zamani mbele ya kompyuta, akasema, "Basi leo tumekuja kazini."